PPC ya NHS: Cheti cha Kulipia Dawa Mapema kwa Wagonjwa wa Utumbo England

Anayeishi England na ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda kwa kawaida hulipia kila dawa aliyoandikiwa pauni 9.90, bei iliyoanza Mei 2024. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini malipo hayo yalishafutwa. PPC huuzwa pauni 32.05 kwa miezi 3 au 114.50 kwa mwaka, na mwenye nayo huchukua dawa zake zote za NHS (huduma ya afya ya umma) bila kulipa tena.

Kwa wagonjwa hawa inalipa, tena haraka. Mesalazine (dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo) ya vidonge na mesalazine ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa hutozwa kama dawa 2, kwa kuwa maumbo yake ni tofauti. Ongeza azathioprine (dawa ya kupunguza nguvu za kinga ya mwili) na vidonge vya kalsiamu, umefika pauni 39.60 kwa mara moja. Cheti cha miezi 3 kimeshajilipa. Hata mwenye dawa moja tu, akipewa ya siku 28 kila mara, hulipa mara 13 kwa mwaka, yaani 128.70. Akipewa ya siku 56, asinunue cheti; kulipa dirishani ni nafuu zaidi.

Hununuliwa kwenye tovuti ya NHSBSA (idara ya NHS inayosimamia malipo haya), kwa simu, au katika baadhi ya maduka ya dawa. Cha mwaka hukatwa benki kwa awamu 10, lakini ukishaanza unadaiwa mwaka mzima hata dawa zikisimamishwa. Angalia sana tarehe ya mwisho: kutia alama kwenye fomu ya dawa kwamba una PPC ilhali cheti kimeisha huweza kuleta faini ya hadi pauni 100, juu ya bei ya dawa zenyewe.

Hela nyingi hupotea kwenye risiti. Kama unalipa na cheti bado hujanunua, omba fomu FP57 (risiti ya kudai kurudishiwa fedha) palepale, maana baadaye hutapewa. Kisha nunua cheti kinachoanzia siku ile (hurudishwa nyuma hadi mwezi mmoja) na udai fedha zako ndani ya miezi 3.

Kasoro kubwa iko nje ya cheti. Orodha ya magonjwa yanayosamehewa malipo kwa sehemu kubwa ni ya 1968. Kisukari kimo, Crohn na kolaitisi hazimo. Mgonjwa wa utumbo husamehewa akishatobolewa tumbo na kuvaa mfuko wa choo wa kudumu, yaani dawa za kumwepusha na kisu analipishwa, na baada ya kisu anapewa bure. Huo ni uonevu. Aliyefikia hapo amwombe daktari fomu FP92A (ya kuomba cheti cha msamaha), asiendelee kununua PPC.