Kikuza mawimbi cha 1420 MHz: nyota nne

Nimekitumia miezi minne kujaribia antena ya pembe (yenye mdomo mpana kama wa tarumbeta) ninayoibuni kwa tasnifu yangu ya uzamivu. Ni kisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani. Kinakuza mawimbi ya redio yanayotoka kwenye gesi ya haidrojeni angani, megahezi 1420.4, kabla hayajafika kwenye kipokezi cha kuchomeka kwenye kompyuta.

Wiki ya kwanza nusura nikirudishe. Muuzaji anaandika kelele (ile ambayo kikuza chenyewe kinaiongeza kwenye mawimbi) desibeli 0.6, yaani kelvini 43 hivi ikipimwa kama joto. Nikaelekeza pembe angani penye baridi, kisha ardhini penye joto, nikalinganisha nguvu ili nipate kelele hiyo: kelvini 84! Nikaandika barua pepe ya hasira. Kabla sijaituma nikaiona ile kebo niliyoipitisha kati ya pembe na kikuza ili kisanduku kikae mezani, kipendeze pichani. Kebo yenyewe ilikuwa inameza nusu desibeli. Na mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza kwamba kinachotangulia kwenye mnyororo ndicho kinachoamua kelele ya mfumo mzima. Nikakifunga kwenye shingo ya pembe, bila kebo: kelvini 50. Barua pepe nikaifuta.

Tangu hapo tunaelewana. Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, ikipita juu, wastani wa dakika tano unatosha kuonyesha kwenye grafu vilima viwili vilivyoachana kilohezi 200, yaani mawingu ya gesi yanayotofautiana mwendo kwa kilomita 42 kwa sekunde. (Wanaoniambia pembe ni mchezo wa watoto wakumbuke kwamba wanafizikia Ewen na Purcell walilinasa wimbi hili mwaka 1951 kwa pembe iliyochomoza dirishani Chuo Kikuu cha Harvard.)

Chujio la kuzuia mawimbi mengine limewekwa baada ya hatua ya kwanza ya ukuzaji. Kelele inapungua, sawa, lakini pembe ikitazama mnara wa simu kikuza kinazidiwa na vinazuka vilele vya uongo. Mchana mmoja nilishangilia haidrojeni ambayo haikuwepo. Jua nalo likikipiga, ukuzaji unayumba. Changu nimekivisha sponji.

Nyota niliyoinyima ni ya taa: hakina hata moja ya kuonyesha kwamba kimewaka. Umeme unakifikia kwa kebo ileile inayoleta mawimbi, na unauwasha kwenye programu. Ukisahau, hakuna kinachokuonya. Mimi nilisahau, nikarekodi kelele za kipokezi kitupu kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri.