Security+ kwa hela ya mchezo: uzoefu wangu

Kwa miaka minne nilikuwa "yule kijana wa kompyuta" kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Dar es Salaam. Printa ikigoma, aitwe. Mhasibu kasahau nenosiri, aitwe. Bosi kanunua simu mpya, aitwe amhamishie namba. Kazi za usalama wa mtandao niliziona kwenye matangazo ya ajira tu, na karibu kila tangazo lilikuwa na mstari uleule: awe na cheti kama Security+ (cha usalama wa mtandao, cha CompTIA) au CCNA (cha mitandao ya kompyuta, cha Cisco). Diploma yangu ya TEHAMA ilikuwa inanifikisha mlangoni na kuniacha hapo.

Nilianza na cha bure. Mwaka 2022 shirika la ISC2 lilitangaza kwamba litawapa watu milioni moja mafunzo na mtihani wa cheti chake cha kuanzia, Certified in Cybersecurity, bila malipo. Nikafanya 2023: maswali 100, saa mbili, ufaulu ni 700 kati ya 1,000. Nikapita. Ndipo nikakutana na mkia wake: ili cheti kiwe chako unalipa ada ya dola 50 kila mwaka. Cha bure ghali, ila sijutii, maana kilinipa uhakika kwamba nikikaa kusoma ninaelewa. Tatizo ni kwamba kila niliyemwonyesha aliniuliza, "Hiki ndiyo nini?" Security+ hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Kosa langu la kweli lilinigharimu shilingi 450,000. Nililipia darasa la jioni la Security+ kwenye kituo fulani cha mafunzo, sitakitaja. Mwalimu alisoma slaidi kama tangazo la msiba. Wiki ya tatu tukagawiwa madesa, maswali ya mtihani yaliyoibwa, tukariri. Nikaona yameandikwa SY0-601, namba ya toleo la zamani la mtihani, wakati toleo la SY0-701 lilishatoka Novemba 2023 na 601 ilikuwa inafungwa mwisho wa Julai 2024. Nikamwambia, "Mwalimu, hii si ya zamani?" Akanijibu, "Kijana, usiwe na wasiwasi, ni yaleyale." Sikurudi. Kama unatafuta darasa, uliza kwanza wanafundisha toleo lipi, kisha uliza kama kuna maabara. Wakianza kukuhesabia idadi ya maswali watakayokupa, sogea.

Masomo yenyewe niliyapata bure kwa video za Professor Messer kule YouTube. Ni fupi, na zinafuata mada za mtihani moja baada ya nyingine. Nilizipakua kwa bando la usiku, nikazitazama kwenye mwendokasi, asubuhi nimesimama, jioni nimesimama. Hela ya vocha, yaani malipo ya kufanyia mtihani, ndiyo ilikuwa mlima. Bei wakati ule ilikuwa dola 404, namba ileile ambayo mtandao hukupa ukurasa usipopatikana, na kweli haikupatikana. Inazidi shilingi milioni moja. Nikasubiri zamu yangu ya mchezo kazini: tulikuwa 12, tunachanga laki moja kila mwezi, mimi nilikuwa wa nane.

Miezi hiyo ya kusubiri ndiyo iliyonifaa kuliko kitu kingine chochote. Kwa vile sikuwa na tarehe ya mtihani, nilianza kuyatazama yale ya kwenye video katika seva yetu wenyewe. Messer anaeleza logi za Windows, yaani kumbukumbu za yaliyotokea kwenye kompyuta, nikafungua zetu. Tukio namba 4625 maana yake mtu amejaribu kuingia akashindwa. Nilitegemea kuona mawili matatu ya wale wasahaulifu wangu. Nikakuta mamia, yote ya kati ya saa sita usiku na alfajiri, yote yanagonga akaunti ya "administrator". Poti 3389, ile ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, ilikuwa wazi kwa dunia nzima. Aliyeifungua ni mtangulizi wangu, ili afanye kazi akiwa nyumbani. Nilikaa nikaitazama ile orodha mpaka chai ikapoa. Miaka minne nimebadilisha wino wa printa mita mbili kutoka kwenye ile seva!

Tulifunga poti, tukaweka VPN, njia iliyolindwa ya kuingilia ukiwa mbali, nikaandika ripoti ya kurasa mbili. Bosi aliisoma akaniuliza kitu kimoja: hii inahusiana na ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Inahusiana, na sheria hiyo inatumika tangu Mei 2023. Sehemu ya mtihani inayohusu sera na usimamizi, asilimia 20 ya alama, nilikuwa nimeipangia kuisoma mwishoni kwa uvivu. Nikaisoma usiku uleule.

Mtihani nilifanyia kituoni, Septemba 2024. Nyumbani inaruhusiwa, lakini kwa umeme wa mtaani kwetu sikuthubutu. Unapewa dakika 90 kwa maswali yasiyozidi 90. Ya vitendo kwangu yalitangulia na ndiyo yanayokula muda. Niliyaruka nikayarudia mwisho. Kilichonitesa zaidi ni Kiingereza. Majibu mawili yote ni sahihi, ila swali linataka lililo bora, au la kufanya kwanza. Mara mbili nilikamatwa na neno moja. Ufaulu ni 750, na kipimo kinaanzia 100 hadi 900, kwa hiyo usikihesabu kama asilimia. Nilipata 781. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba yule dada wa mapokezi alinipa maji.

Kazi? Haikuja kesho yake. Niliomba sehemu tisa, nikaitwa mbili. Kwenye usaili wa pili hakuna aliyeuliza alama zangu. Waliuliza, "Tueleze siku uliyokuta tatizo." Nikaeleza ile alfajiri ya 4625 kwa dakika kumi, wakaniachia niende mpaka mwisho. Sasa niko zamu kwenye kitengo kinachotazama logi za taasisi moja ya fedha, mshahara umepanda ingawa si kama wanavyosimulia watu wa mitandaoni, na zamu za usiku zinachosha.

Ningelipia tena? Ndiyo, ila nisingelipia lile darasa. Kwa mwenye kazi ya TEHAMA tayari, ninatoa nyota nne. Ambaye hajawahi kuigusa ruta, ninatoa mbili: anza na Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mitandao, ni bure, halafu weka VirtualBox, programu ya kuunda kompyuta ndani ya kompyuta, uchezee humo. Usijaribie Wi-Fi ya jirani, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina mzaha.

Cheti kinaisha baada ya miaka mitatu. Kukihuisha kunataka pointi 50 za mafunzo, pamoja na dola 50 kila mwaka. Mpaka leo nina pointi 14, na mchezo tumeuanza tena.