TAHADHARI: Kuna muuzaji wa baiskeli za mlimani Moshi na Arusha, msimtumie hela

Wakuu habari za mihangaiko. Naomba msome mpaka mwisho, hasa nyie mnaotafuta baiskeli ya mlimani ya kuzungukia wikendi, maana kuna muuzaji anazunguka Moshi na Arusha na ameshaumiza watu, wa mwisho ni dogo mmoja tunayeendesha naye, ilibaki kidogo tu apasuke kichwa kwenye mteremko kule Kibosho. Jina sitaji kwa sababu hana jina moja, ukurasa anabadilisha, laini anabadilisha, ila mchezo wake ni uleule ndo maana nauelezea mchezo wenyewe.

Anaposti picha za baiskeli kali, stika za Trek au Giant, nyuma mlima unaonekana, anasema mzigo umetoka Ujerumani zimebaki mbili tu. Bei yake unakuta ni nusu ya wenzake. Ukimwambia uko Arusha yeye yuko Moshi, ukisema uko Moshi ghafla yuko Ngaramtoni. Halafu inakuja ile "tuma hata laki moja nikushikie, kuna mama anaitaka leo leo." Ukituma tu, bloku. Jamani lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri lisomeni, kama umeambiwa unamlipa Juma na limetokea jina la dada usiyemjua, simamisha hapohapo, usikubali hizo za "ni laini ya wife".

Sasa ukikomaa kwamba hela hutoi mpaka uione, anakuja na mchezo wa pili, na huu ndo unaniuma zaidi maana hapa mtu anakufa. Anakukutanisha karibu na stendi saa moja jioni, giza linaingia, yeye ana haraka anawahi gari, baiskeli inang'aa kweli, unazungusha raundi moja kwenye lami unaona iko poa. Dogo alitoa laki sita na nusu. Jumapili tukapandisha zile njia za kwenye kahawa na migomba, kupanda hakuna shida, wakati wa kushuka mawe yalipoanza fremu ikaachia pale shingoni, yaani mbele uma unapoingia kwenye fremu, dogo akaenda na bega. Ashukuru alikuwa na helmeti. Fundi alipokwangua rangi tukakuta puti, na chini ya puti ufa wa zamani uliochomelewa.

Niwaambie kwa nini hiyo ni hatari hata kama weldi inaonekana nzuri. Fremu nyingi za alumini, ile wanayoiita 6061, zikishachomelewa kiwandani zinapitishwa tena kwenye joto maalum ndo zinapata nguvu yake. Mtu akichomelea ufa gereji bila kurudia hiyo kazi, pembeni ya weldi panabaki laini, kwenye lami itavumilia, kwenye mteremko wa mawe ukibana breki ya mbele mzigo wote unakwenda palepale shingoni. Kwa hiyo fremu ya alumini iliyochomelewa ufa gereji usinunue hata kwa elfu hamsini, na wala usimwachie mdogo wako.

Mkienda kuangalia baiskeli nendeni mchana, nendeni na fundi, asiyetaka fundi aje ana lake jambo. Pitisha kidole shingoni, pale bomba la siti linapoungana, na chini pale mikono ya pedeli inapoingia kwenye fremu, rangi ikiwa nene kuliko kwingine au imekunjamana uliza. Beba kasumaku kadogo, alumini haishiki sumaku, sasa kama amekuapia ni alumini na sumaku imeng'ang'ania ujue umeletewa chuma yenye stika. Geuza baiskeli juu chini, fremu nyingi zina namba imegongwa chini, palepale mikono ya pedeli inapoingia, ikiwa imepigwa tupa hiyo ondoka kabisa, inawezekana ni ya wizi na kununua mali ya wizi ni kesi yako wewe uliyeshikwa nayo. Bana breki ya mbele ukandamize usukani, shokapu ishuke na irudi taratibu bila kugonga, huyu jamaa shokapu zake nyingi ni mapambo, hazichezi. Na saizi ya ringi usiambiwe, soma pembeni ya tairi: 559 ni inchi 26, 584 ni 27.5, 622 ni 29. Dogo aliambiwa 29, tairi imeandikwa 559!

Kingine kinachowaponza watu ni kupenda zile zenye shokapu mbili, mbele na nyuma, kwa sababu zinaonekana za kibabe, na jamaa anajua ndo chambo chake. Kwa kuzunguka msitu wa Rau, mashamba ya TPC, Duluti au kupanda kidogo kuelekea Meru huzihitaji kabisa. Shokapu ya mbele tu inayoshuka milimita 100 mpaka 120 inatosha, breki za diski hata za waya, na fremu inayokutosha, yaani ukisimama umeipanua miguu, bomba la juu lisikuguse. Zile za bei chee zenye shokapu mbili ni nzito, ukikanyaga nguvu inaishia kwenye springi, na bushi za nyuma zikichoka kuzipata hapa mjini ni mtihani.

Kwa ambao mshatuma hela, pigeni huduma kwa wateja ya mtandao wenu saa hiyohiyo muombe muamala uzuiwe, akishatoa kwa wakala ndo basi. Namba yake na meseji alizokutumia zipelekeni 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, halafu nendeni kituoni polisi mchukue RB, yaani namba ya taarifa yenu, hata kama ni elfu hamsini, maana tukiwa wengi wenye RB ya namba zilezile polisi wanakuwa na pa kuanzia. Chati zake msifute, pigeni skrinishoti sasa hivi, huyu jamaa akishtuka anafuta upande wake wote.