Gemu ya vita kwa PS4: nunua ile ambayo vita vyenyewe vimo kwenye CD

Mpwa wangu alikusanya pesa zake za mahafali ya kidato cha nne, akaenda dukani, akarudi na kasha la Call of Duty: Infinite Warfare, Legacy Edition. Hakuwa akiitaka Infinite Warfare, ambayo ni vita vya angani na meli zinazoruka. Alichokifuata ni maandishi mengine yaliyokuwa kwenye jalada hilohilo: Modern Warfare Remastered. Tulipofungua tukakuta CD moja, ya vita vya angani, na kikaratasi chenye namba ya kupakulia hiyo gemu ya pili. Namba ilishatumiwa zamani na mwenye kasha wa kwanza. Tuliporudi, muuzaji alituambia mali ikitoka dukani imetoka.

Ndiyo maana sipangi gemu hizi kwa ukubwa wa jina wala kwa mwaka zilipotoka. Swali langu kwa kila kasha ni moja: ukikata intaneti sasa hivi, unabaki na nini mkononi? Kwa mtu wa bando, bei ya CD ni malipo ya awali tu. Baada yake kuna apdeti, kuna nafasi kwenye mashine, na kuna PS Plus, huduma ya PlayStation ambayo ni lazima uilipie ili ucheze na wenzako mtandaoni gemu uliyokwisha kuinunua.

Namba moja kwangu bado ni Call of Duty: Modern Warfare Remastered, ila lile kasha lake lenyewe, lililoanza kuuzwa kwa PS4 Juni 2017 kwa dola 40. Ni gemu ya mwaka 2007 iliyochorwa upya, na stori yake haijachuja. Kuna misheni inayokurudisha Pripyat, mji uliohamwa baada ya ajali ya Chernobyl. Unalala kifudifudi kwenye majani, kapteni wako kakuambia usijitikise, na kikosi kizima cha adui kinapita na magari ya deraya karibu yako mpaka viatu vyao unaviona mbele ya pua. Hufyatui hata risasi moja. Niliwahi kuona kibanda kizima cha PS kimenyamaza kwa sababu ya dakika hizo, na kibandani hapo kelele ndiyo kawaida. Ukimaliza stori, CD unaiuza au unabadilishana na mtu. Mtandaoni sikushauri uifuate. Wachezaji wamepungua, na waliobaki ni wale waliobobea, watakuua kabla hujajua mlango uko wapi.

Call of Duty: Modern Warfare ya mwaka 2019 naiweka ya pili, na kwa mwenye faiba nyumbani ingekuwa ya kwanza bila ubishi. Mlio wa bunduki zake ni mzito, kila silaha ina uzito wake mkononi, na ile misheni ya kusafisha nyumba usiku kule London, ghorofa kwa ghorofa, kwa miwani ya kuonea gizani, inakufanya ushushe pumzi. Watu wawili mnaweza kucheza kwenye runinga moja, kila mmoja na pedi yake.

Tatizo lake ni tumbo. Kwenye kompyuta, ikiwa pamoja na Warzone, gemu ya bure ya mtandaoni ya Call of Duty, iliwahi kupita GB 200. PS4 ya kawaida ilitoka kiwandani na GB 500, na si zote unaachiwa uzitumie. Kwa intaneti yenye kasi ya Mbps 10 ambayo haikatiki, GB 200 ni kama saa 44 za kupakua, na mimi sijapata kuona intaneti ya mtaani kwetu isiyokatika kwa saa 44. Afadhali watengenezaji walituruhusu kufuta vipande: ukimaliza stori unaifuta, unabaki na sehemu ya mtandaoni peke yake. Fanya hivyo mapema kabla mashine haijaanza kulalamika.

Battlefield 4 ni ya tatu, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote madukani kwa sababu ni ya mwaka 2013. Stori yake ni ya kupitisha muda. Unainunua kwa ajili ya vita vikubwa: watu 64 kwenye uwanja mmoja, wenye vifaru, helikopta na boti, na pale Shanghai kuna ghorofa refu katikati ya mji ambalo mkilishambulia linaporomoka lote, vumbi linatanda na uwanja unabadilika sura. Ukiwa na wenzako watatu na PS Plus, haina mpinzani kwa bei yake. Bila PS Plus, iache. Na usikubali kabisa kuuziwa ya PS3 eti ni ileile: ile ilikuwa ya watu 24 tu, na seva zake zilizimwa Novemba 2024.

Mwenye PS3 yeye atafute Call of Duty: Modern Warfare 2 ya mwaka 2009. Kuna sehemu inaitwa Spec Ops, misheni fupifupi za watu wawili kwenye skrini iliyogawanywa, bila intaneti. Kwa ndugu wawili wanaogombania pedi, sijui dawa nyingine.

Insurgency: Sandstorm ninaiweka ya nne, japo moyoni naipenda kuliko Battlefield. Haina stori na inategemea mtandao, ndiyo maana imeshuka. Ilianza kwenye kompyuta Desemba 2018, kwenye PS4 ikafika Septemba 2021. Hakuna alama ya kulengea katikati ya skrini, hakuna hesabu ya risasi zilizobaki. Ukitoa magazini iliyobaki nusu, risasi zile hazirukii kwenye magazini nyingine kama uchawi, unabaki na nusu yako hiyohiyo mfukoni. Mchezaji wa Call of Duty huwa anakufa mara kumi za mwanzo akiwa anakimbia. Mnaweza kuungana watu wanane mkapigana na kompyuta, na hapo hata mtandao wa kusuasua unavumilika, kwa sababu hakuna binadamu upande wa pili anayekuwahi kwa sekunde.

Battlefield 6, iliyotoka Oktoba 10, 2025 kwa dola 70, haina toleo la PS4 kabisa. Nataja kwa sababu jalada lake litakuvuta ukiwa dukani.

Ile ninayokukataza ununue ni CD ya Modern Warfare II ya mwaka 2022, si ile ya 2009. Si kwamba ni mbaya kucheza. Watu walioichunguza ile ya PS5 walikuta ndani yake data isiyofika hata MB 100. Gemu yote iliyobaki unaipakua. Hapo umenunua funguo tu, nyumba bado.

Za bure nazo? Warzone haihitaji PS Plus, lakini inakula bando kama mchwa. Counter-Strike 2 ni ya kompyuta tu, inataka nafasi ya GB 85. Kwa asiye na mashine yoyote, Call of Duty: Mobile kwenye simu ni kazi nzuri kabisa, na sitamcheka mtu anayeishia hapo.

Kwa wazazi: karibu zote hizi zimewekewa alama ya umri wa miaka 18 upande wa Ulaya. Mpwa wangu alipotaka kubisha, baba yake alimgeuzia kasha amsomee mwenyewe.

Siku ya kununua CD iliyotumika, igeuze chini ya taa. Mikwaruzo myepesi haina neno. Mkwaruzo unaoshika ukucha, irudishe. Angalia jalada ni la nchi gani, kwa sababu nyongeza utakazonunua mtandaoni zinatakiwa ziendane na toleo la CD yako, na kadi ya salio lazima iwe ya nchi ileile uliyofungulia akaunti, iwe Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Kisha mwombe muuzaji aiweke kwenye mashine yake, usubiri mpaka misheni ya kwanza ifunguke. Akikwambia mashine imeharibika tangu jana, mshukuru, uvuke barabara uende duka la ng'ambo.