Nilikodisha tenti ya kwenda Mlima Elgon nikarudi nikaitwa mbuzi

Nimekaa na hii kitu moyoni wiki kadhaa nikijiambia niiache tu, lakini kila nikipita ile barabara naona lile duka na hasira inaanza upya, kwa hivyo wacha niandike nipumue. Ni duka la kukodisha vitu vya kambi hapa Kisumu. Jina silitaji, sitaki vita na mtu. Nataka tu mwingine asije akalala kwenye maji kama sisi, alafu arudi atukanwe juu yake.

Tulikuwa watano, marafiki wa tangu chuo. Mmoja ni mwalimu Vihiga, mmoja nesi, mmoja yuko benki, mmoja ana teksi na ndiye alikuwa dereva wetu, na mimi. Maneno yalianzia kwa Nesi. Dadake yuko Marekani, upande wa Vermont, na kila mwezi wa kumi ukifika anamtumia picha za milima imegeuka rangi yote, nyekundu, chungwa, manjano, mpaka unadhani kuna mtu amezunguka na brashi. Anasema watu wa huko hutoka mjini na mahema yao wakaenda kuangalia majani, hakuna kingine wamefuata. Nesi akasema na sisi twende tukaone yetu kabla tuzeeke tukiambiana tutaenda.

Mwalimu ni mwalimu, akaanza kutufundisha hapo hapo. Kule miti inasoma urefu wa mchana, mchana ukifupika na baridi ikiingia mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, na ndio manjano iliyokuwa imejificha chini yake inatokea, nyekundu nayo kuna majani huitengeneza wakati huo huo yakielekea kuanguka. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima, mti usome nini? Hata hili neno vuli, vitabu vya shule vinalitumia kwa msimu wao wa majani kuanguka, na kwetu vuli ni mvua. Lakini Mwalimu huyo huyo ndiye akasema iko miti ya huku kwetu inageuka rangi, tena vizuri, kiangazi kikishika. Akataja musutsu. Mtu wa Vihiga au Kakamega anaujua, ule wa jani kama moyo, juu kijani na chini jeupe kama limeguswa na jivu, na jani likizeeka linakuwa chungwa kabisa kabla lianguke. Akasema Elgon tutaupata. Basi ikawa Elgon.

Kazi ya kutafuta tenti ikaniangukia mimi kwa sababu ndio niko mjini.

Nimeingia pale nikamwamkia mwenye duka vizuri, shikamoo mzee, kwa sababu ni mtu wa rika la babangu. Tenti ya watu sita, slipingi begi tano, meko moja ya gesi. Pesa ikahesabiwa, na dipoziti ya 3,000 juu. Nikamwomba tuitandaze kidogo niione kabla niondoke nayo. Akaniambia, bila hata kuinua macho kwa simu, "Dada, tenti ni tenti. Hapa hatufungulii watu mizigo, nafasi ni ndogo." Nikanyamaza kwa heshima. Kuna kijana wa stoo pale nyuma, ndiye alinivutia begi pembeni akafungua kidogo akanionyesha zipu ya mlango inakwama, akaniambia ukiifunga ushike kitambaa na mkono mmoja uvute polepole na mwingine, isipasuke. Nikashukuru. Kumbukeni hiyo zipu.

Barabara sitaimaliza, Kakamega, Webuye, Kamukuywa, Kitale, Endebess, tukiimba njia yote. Kiingilio cha hifadhi tulikuwa tumelipa kwa eCitizen kwa hivyo pale geti ya Chorlim tulipita haraka na kwa heshima kabisa, hapo sina neno ila asante. Tukapata pahali pa kupiga kambi chini ya miti mirefu, mbega wanaruka juu na ile mikia yao myeupe, kila mtu anacheka.

Sasa tukatoa tenti.

Tenti yenyewe kijani. Lile turubai la juu, lile ndilo linazuia mvua, bluu. Nikajiambia labda ndivyo ilivyoshonwa. Tukalitupa juu. Tenti ilikuwa na pete nne za kushikilia turubai, turubai lina ndoano tatu, na moja kati ya hizo tatu imefungwa na kamba ya kiatu. Kamba ya kiatu kabisa, nyeusi, na ile plastiki bado iko kwa ncha. Ukilivuta mbele lifunike mlango, nyuma linapanda linaacha tenti wazi kama gauni ya mtoto aliyekua haraka, ukilivuta nyuma mlango unabaki uchi. Tulizunguka na lile turubai mpaka giza likaingia, Dereva akikaza kamba, Mwalimu akishika kona, na hakuna mtu alikuwa anataka kusema wazi kwamba hili si turubai la hii tenti. Ni la tenti ingine, ndogo. Mtu alijua. Mtu alilikunja akaliweka ndani ya ile begi akijua.

Mvua ilikuja usiku. Kiangazi kilikuwa kimeanza kule chini, lakini mlimani mvua haiulizi kalenda. Ilianza na tone moja, nikasikia Nesi anasema "nani amenimwagia maji," alafu nikawasha tochi nikaona mshono wa upande wa nyuma, ule ulioachwa wazi, maji yanatembea juu yake tone kwa tone yamepangana kama shanga, yanafika kwa kona yanaanguka pale pale kwa mto wake. Tukaweka sufuria. Ikajaa. Tukaweka bakuli. Baada ya muda chini kukawa ziwa. Nesi na yule wa benki wakakimbilia gari na Dereva, mimi na Mwalimu tukabaki tumekaa wima juu ya kreti ya soda tumejifunika slipingi begi moja kwa sababu hatukutaka kuacha vitu, na huko nje kitu kizito kilikuwa kinang'oa nyasi, sijui nyati, na ule mlango haufungiki mpaka mwisho. Mwalimu alikuwa anatetemeka mpaka nasikia meno yake. Huyu ni mtu aliyekusanya pesa ya hii safari kidogo kidogo. Hapo ndio nililia, si kwa baridi.

Na nitasema ukweli wote. Slipingi begi zilikuwa safi, nzito, zinanukia sabuni, na ile moja iliyobaki kavu ndiyo ilituokoa. Meko iliwaka mara ya kwanza. Kwa hivyo si kwamba kila kitu kilikuwa kibaya, na hiyo ndio inaniuma zaidi, kwa sababu inamaanisha wanajua kutunza vitu wakitaka.

Asubuhi jua likatoka kama hakuna kitu kilifanyika. Mzee aliyetuongoza, Msabaot mpole sana, alituangalia akasema tu "poleni wanangu" akatuanzishia moto. Alafu akatupeleka. Na hapo aki sitasahau. Tulikata kona tukaukuta musutsu mmoja umesimama peke yake mbele ya msitu wa kijani kibichi, umelowa, na kila jani la chini limekuwa chungwa linawaka, upepo ukija majani mengine yanageuka yanaonyesha ule weupe wa chini, kwa hivyo mti mmoja una rangi tatu zinabadilishana. Mzee akasema kwao unaitwa tebeswet, na mtu akijikata utomvu wake unazuia damu. Mwalimu akaokota majani 15, akayapanga moja moja ndani ya gazeti, ya wanafunzi wake wa gredi ya nne. Nesi akampigia dadake video hapo hapo, mtandao unakatika unarudi, akamwambia "yetu ndio hii." Dadake akanyamaza kwanza, alafu akasema "nirudishe nione tena."

Tulifika pia pango la Kitum, lile ndovu huingia usiku kuchonga kuta na pembe zao wakitafuta chumvi. Nesi hakuingia. Alikuwa anajua habari ya Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaoua, kwamba mgonjwa wa 1980 na yule wa 1987 wote walikuwa wamefika kwa hilo pango, na popo wamo, akasema yeye atatungoja nje. Mwalimu na mimi tulichungulia tu mlangoni, ile mikwaruzo ya pembe unaiona kwa mwamba.

Lakini juu hatukufika. Mpango ulikuwa siku ya pili tupande kuelekea Koitoboss, si lazima mpaka kileleni, ni mita 4,222 na sisi si wapanda milima, tufike tu kule kwa nyasi wazi tuone ile miti mikubwa ya ajabu ya senesio, ile ambayo majani yake yakikauka hayaanguki, yanabaki yamezunguka shina kama sweta ili usiku baridi isiugandishe mti. Nilikuwa nimesoma juu yake miezi. Nilitaka kusimama karibu nayo na kuigusa kwa mkono wangu. Hakuna mtu alikuwa amelala, yule wa benki alikuwa ameanza homa, nguo zote mbichi. Tukashuka. Hii pia naiandika kwa deni la lile turubai, pamoja na pesa ya banda tuliyolipa usiku wa pili na haikuwa kwa bajeti.

Sasa kurudisha vitu. Nilikuwa nimeapa nitaongea pole pole. Mwalimu akanisindikiza. Nikamwambia mwenye duka, mzee, turubai halikuwa la tenti hii, tumenyeshewa usiku mzima. Hakujibu. Akafungua begi, akashika zipu, akavuta mara moja kwa nguvu, ikaachana, akasema, "Mmeharibu zipu. Dipoziti haitoki." Yule kijana wa stoo akasema kwa sauti ya chini, "Boss, hiyo zipu mimi niliwaonyesha kabla waende." Akaambiwa afunge mdomo arudi nyuma. Kijana akarudi nyuma.

Alafu mzee akatuuliza kwani mlikuwa mmeenda kufanya nini huko. Mwalimu, na adabu zake zote, akamwambia tulienda kuona majani yanavyogeuka rangi. Akacheka. Akatuangalia juu mpaka chini akasema, "Majani? Watu wazima hivi? Mbuzi ndio hutoka nyumbani kufuata majani."

Mwalimu hakusema kitu. Alikuwa na lile gazeti kwapani. Nilimwona tu amelihamisha akalishika na mikono yote miwili.

Yaani unaweza kunipa tenti mbovu, nitakasirika nisahau. Unaweza kula 3,000 yangu, nitalia nisahau. Lakini huyu mtu anakula kwa sababu watu wanataka kulala nje waone kitu. Hiyo ndiyo biashara yake! Kama kuona majani ni umbuzi, si afunge duka auze nyasi?

Nilitoka hapo nikiwa na nyota sifuri za hilo duka kichwani. Baadaye nikafikiria yule kijana, aliyefua slipingi begi, aliyenionyesha zipu bila kuulizwa, aliyesema ukweli mbele ya bosi wake na huenda bado anaulipia, nikaona si haki. Nikasema mbili. Alafu siku chache zilizopita simu ikalia, M-Pesa, 1,500 imeingia kutoka kwa mzee, na baadaye akapiga mwenyewe akasema "nimekutumia ile kitu," akakata. Hakuna pole, hakuna turubai, hakuna mbuzi. Heri nusu shari, nikafikiria labda tatu. Nikampigia Mwalimu kumwambia nusu imerudi, nimtumie. Akauliza swali moja tu, "Amesema nini juu ya ile maneno?" Nikamwambia hajasema kitu. Akasema sawa, akaniambia watoto wamegandisha majani kwa ukuta wa darasa na wameanza kuleta mengine kutoka kwao, mtoto mmoja ameleta jani jekundu hata yeye halijui.

Kwa hivyo ni nyota moja. Slipingi begi na meko ukitaka chukua pale, na ukimpata yule kijana msalimie sana, mwambie wale wa Elgon wanamshukuru. Tenti usichukue.

Na kama kuna mtu anajua mahali pa kukodisha tenti Kitale au hapa Kisumu, yenye turubai lake lenyewe, ambapo utaruhusiwa kuifungua uione kwanza, naomba aniambie. Tunarudi kiangazi kikishika tena, na safari hii lazima tufike kwa senesio.