Siku nane kutoka Dar hadi Mwanza kwa barabara: uzoefu wangu

Mimi ni mzaliwa wa Mwanza na kazi yangu iko Dar es Salaam. Barabara ya kati nimeipita kwa basi zaidi ya mara ishirini, nyingi nikiwa nimelala. Ungeniuliza Gairo pakoje, ningekwambia tunasimama kununua viazi vitamu. Singida? Kuku na upepo. Basi. Ndiyo maana rafiki yangu aliponiambia kuna watu wanauza safari ya siku nane ya njia hiyohiyo, kwa shilingi 850,000, nilimwambia hiyo ni hela ya nauli za miaka mitatu. Mwezi wa sita mwaka jana nikalipa.

Kampuni yenyewe ni ndogo na sitaitaja. Ninachokipima hapa ni safari ya aina hii, kwa yeyote anayefikiria kuinunua. Tulikuwa abiria tisa kwenye Hiace, dereva mmoja, na mwongozaji ambaye amefundisha jiografia sekondari kwa miaka mingi. Wote tulimwita Mwalimu. Bei ilihusisha usafiri, malazi, chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Mchana kila mtu alijilipia, na hilo liligeuka kuwa zuri, kwa sababu mchana ndipo tulipokula chakula cha watu wa mahali husika.

Somo la Mwalimu lilikuwa moja tangu tunatoka Kimara: tazameni kinachouzwa kando ya barabara, kisha niulizeni mvua inanyesha kiasi gani hapo. Mwanzoni niliona ni mchezo wa darasani. Kufika siku ya tatu nilikuwa nashusha kioo kabla gari halijasimama.

Morogoro tulilala usiku mbili, na siku nzima tulikuwa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Beba sweta, hata kama umetoka Dar unatiririka jasho. Kule wanalima kabichi, karoti, njegere, kwenye miteremko ambayo mimi nisingethubutu kusimama bila kushika kitu. Mawingu yanayotoka baharini yanagonga milima hii na kuacha maji yake hapo, na maji hayo yanashuka kuingia Mto Ruvu, ambao ndio unainywesha Dar es Salaam. Miaka yote nafungua bomba Tabata sijawahi kujiuliza maji yanatoka kwa nani. Mama mmoja aliyetukaribisha shambani alisema ardhi ile ni ya ukoo wa upande wa mama yake, lukolo kwa Kiluguru, na mumewe analima pale kwa sababu yeye yupo. Alilisema kama jambo la kawaida kabisa. Mimi niliyekulia Usukumani, ambako ng'ombe wa mahari wanahesabiwa kwenda kwa baba wa binti, nilimwomba anieleze mara mbili. Njiani tunashuka Mwalimu akatukumbusha kwamba mwaka 1955 Waluguru waliukataa waziwazi mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta milimani. Baada ya kuziona zile shamba, nilielewa ni nguvu kiasi gani walikuwa wanaambiwa waitoe bure.

Kutoka Morogoro kwenda Dodoma unaona kijani kinafifia. Dumila kuna nyanya na vitunguu, Gairo viazi vitamu, Kibaigwa magunia ya mahindi yamepangwa kwenye soko lile kubwa na malori yanasubiri. Baada ya hapo mibuyu. Siku hizi watu wengi wanapanda treni ya SGR hadi Dodoma, na kwa mtu mwenye kikao saa nne asubuhi ni sawa. Kwa kuiona nchi, gari.

Dodoma ndiko nilikopata zaidi, na ndiko pia nilikokasirika. Nianze na mazuri. Mvua pale haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Mwalimu alitupeleka kwenye nyumba ya tembe, ile ya Wagogo yenye paa bapa la udongo juu ya magogo. Nilipitisha mkono chini ya dari. Fito zimebanana, na juu yake udongo umeshindiliwa mpaka mgumu kama sakafu. Paa la namna hii Mgeta lisingemaliza msimu mmoja, lakini hapa jua la mchana linabaki nje na ndani kuna ubaridi, na juu ya paa mwenyeji alikuwa ameanika mtama. Zizi la ng'ombe liko katikati ya ua, vyumba vinalizunguka. Kila kitu kwenye nyumba ile kimejibu swali la ukame na la mifugo.

Hombolo tulimkuta mkulima wa zabibu akipogoa. Alituonyesha alipokata na pale ambapo jicho jipya litachipua, na akaeleza kwamba kwa ukavu wa hewa na jua la Dodoma anavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa zabibu wa nchi za baridi hawalipati. Kilio chake kilikuwa soko: zabibu ikiiva haisubiri, na mnunuzi anajua kwamba haisubiri. Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda. Mwenzetu mmoja kutoka Arusha aliogopa ule utelezi, akaonja, akaongeza.

Sasa lililoniudhi. Ratiba ilisema saa nane mchana tutatazama ngoma ya muheme kijijini. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, ngoma zimebanwa mapajani na zinapigwa kwa viganja, na sauti yake unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Tulifika saa kumi na moja, kwa sababu kampuni ilitusimamisha mjini kushughulikia malipo ya nyumba ya wageni ambayo yangeweza kufanywa kwa simu. Wale akina mama walikuwa wamekaa chini ya mti tangu saa saba, wengine na watoto mgongoni, na hakuna aliyewapigia. Walitupokea kwa "Mbukwenyi!" na tabasamu, wakapiga, na walipiga kwa moyo. Nilipouliza walilipwa nini, nilitajiwa kiasi ambacho kwa watu kumi na wawili ni aibu. Tulichanga wenyewe tukawaongezea. Nimeiandikia kampuni kuhusu hili na sasa naliandika hapa: ukinunua safari kama hii, uliza kabla hujalipa ni kiasi gani kinawafikia wenyeji, na taka jibu lenye tarakimu.

Kasoro ya pili ni Tabora. Kwenye karatasi yao waliandika tutaingia Tabora kuona warina asali wa misitu ya miombo. Nusu siku iliyopotea Dodoma ikaila Tabora yote. Kwangu hiyo ni hasara kubwa, maana asali ya Tabora naila tangu utotoni na sijawahi kuuona mzinga wake juu ya mti. Nyumba ya wageni ya Singida nayo haikuwa na maji. Tulioga kwa ndoo, sawa, tumezoea.

Singida yenyewe usiipite haraka. Mawe makubwa ya itale yamebebana kama yamepangwa, Ziwa Singidani lina maji ya chumvi, na mwezi wa sita alizeti inavunwa. Tuliingia kwenye kinu cha kukamulia mafuta, chumba kimoja kidogo. Mbegu zinaingia juu, mafuta yanatoka upande huu yakiwa ya moto na ya rangi ya dhahabu iliyokolea, na upande wa pili yanatoka mashudu, mabapa ya kahawia yanayonunuliwa na wafugaji. Hakuna kinachotupwa. Kijana wa kinuni alinipa shudu moja nilishike, bado la moto. Harufu yake ilibaki kwenye mkoba wangu hadi Mwanza.

Unashuka mlima Sekenke, ambako Wajerumani walichimba dhahabu, unakutana na mbuga ya Wembere, na ardhi inakuwa tambarare nyeusi. Igunga na Nzega ni majaluba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, ng'ombe ndani yake. Hapo nilianza kusikia lugha ya nyumbani madirishani.

Nilidhani kuanzia hapo Mwalimu hana la kunifundisha. Tukasimama Shinyanga kwenye kipande cha ardhi kilichofungwa, majani yamefika kiunoni, miti michanga imesimama, wakati pande zote nchi ni kavu. "Hii inaitwaje?" akaniuliza mbele ya wenzangu. Ngitili. Babu yangu alikuwa nayo. Unaifunga mvua zinapoanza, mifugo haingii, unaifungua kiangazi malisho yakiisha kwingine. Nilichokuwa sijui ni kwamba Shinyanga ilikaribia kuwa jangwa: misitu ilifyekwa kuwafukuza mbung'o na kupisha pamba, kisha watu wakahamishiwa vijijini miaka ya 1970 na ngitili za zamani zikabaki nyuma. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kilichofanikiwa zaidi ndani yake ni kuwarudisha watu kwenye desturi yao hiyo ya ngitili. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Babu alikufa tukimwona mkaidi kwa kukataa tuchungie pale.

Siku ya mwisho ilikuwa Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, na ngoma ya bugobogobo ya majembe, ile iliyozaliwa shambani watu wakilima kwa pamoja. Safari hii tulifika kwa wakati. Jioni tukaingia soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Dagaa walikuwa wachache na bei imepanda, na mama muuzaji alituonyesha sababu kwa kidole: mwezi mpevu juu ya ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika.

Je, ningelipa tena? Ndiyo, kwa sharti mwongozaji awe yuleyule na Tabora irudi kwenye ratiba kwa siku kamili. Mzee mwenye maumivu ya mgongo asiende, kuna siku mnakaa garini kwa saa saba. Watoto wa darasa la tano kwenda juu wangefaidi sana. Beba fedha taslimu, na nafasi kwenye begi.

Mimi kawaida nafika nyumbani na mikate na sukari. Safari hii nilimwekea mama mkekani njegere za Mgeta, zabibu kavu, unga wa mlenda, chupa tatu za mafuta ya alizeti. "Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma; ilikuwa saa nne asubuhi. Alifungua chupa moja, akanusa, akaifunga. Kisha akachukua mlenda, akausugua kati ya vidole. "Huu wanaupikaje, mwanangu?" Nikaenda kuwasha jiko.