Kliniki nzuri ya himofilia, ila mchana tu

Mwanangu ana himofilia A, yaani damu yake ina upungufu wa protini ya kugandisha iitwayo fakta namba 8, na kwa miaka miwili tumehudhuria kliniki ya hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam. Wauguzi wake wanaijua kazi: goti likivimba, humdunga fakta kwenye mshipa kwanza, ndipo vipimo na maswali hufuata, kwa kuwa damu inayovujia ndani ya kiungo huharibu gegedu. Walitufundisha pia kumkanda kwa barafu na kuepuka aspirini. Kasoro iko usiku. Daktari wa zamu alidai kwanza picha ya eksirei, nasi tukasubiri saa tatu nzima, dawa ikiwa imefungiwa kwenye jokofu la kliniki.